Maswali ya Wasomaji: Tashkurgan, wilaya inayopakana na nchi tatu

Mhariri, kwenye ramani naona Tashkurgan imo ndani ya Mkoa wa Kujitawala wa Wauighuri wa Xinjiang, China, lakini wilaya yenyewe inaitwa ya Watajiki. Ni ya nani hasa?

Ramani haijakosea. Mkoa una jina la Wauighuri, ila ndani yake zimo wilaya zilizopewa majina ya makabila mengine, na Tashkurgan ilitangazwa wilaya ya Watajiki mwaka 1954. Iko chini ya Kashgar, mji wa Wauighuri hasa. Humo wilayani Watajiki ndio wengi, nao huishi pamoja na Wauighuri, Wakirgizi na Wahan, yaani Wachina wa kabila kubwa. China nzima ina Watajiki elfu 51 hivi tu, na wengi wao wako hapa.

Jina "Mtajiki" lenyewe huwapoteza wengi. Lugha ya Tajikistan ni tawi la Kiajemi. Watajiki wa Tashkurgan husema Kisarikoli, na wachache Kiwakhi. Ni lugha za milima ya Pamir zenye ukoo wa mbali tu na Kiajemi, kwa hiyo mtu wa Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan, akija huku hatasikilizana na mwenyeji. Kisarikoli hakina maandishi rasmi, ndiyo maana kwa muda mrefu waliosoma waliandika kwa Kiuighuri, na siku hizi shule zinafundisha Kichina. Hata jina la mji si la Kisarikoli: *tash* ni jiwe na *qurghan* ni ngome, kwa lugha za Kituruki. Ngome hiyo ipo bado, magofu juu ya kilima pembeni mwa mji. Mtawa wa Kibuddha Xuanzang alipita nchi hii miaka ya 640 akirudi China kutoka India.

Kwa dini Watajiki hawa ni Waismailia, tawi la Washia, ilhali Wauighuri ni Wasuni. Wanaume hubusiana mikono wanaposalimiana. Filimbi ya sherehe zao huchongwa kwa mfupa wa bawa la tai na ina matundu matatu.

Inapakana na nchi zipi, na pote panavukika?

Pakistan, Afghanistan na Tajikistan. Kwa Pakistan kuna kipito cha mlimani cha Khunjerab, mita 4,693, penye barabara ya lami. Kwa Tajikistan kuna kipito cha Kulma, mita 4,362, kilichofunguliwa mwaka 2004. Mpaka wa Afghanistan hauzidi kilomita 100, nao haufunguliwi kwa wasafiri. Upande wa kusini mpaka unapita juu ya kilele cha K2, mita 8,611, na huko si pa kuuliza njia.

Watu wanalima nini mahali pakavu na pa juu hivyo?

Shayiri, njegere na ngano kidogo, mabondeni tu. Milima huzuia mawingu, hivyo mvua haifiki milimita 100 kwa mwaka. Maji ya mashamba hutoka kwenye theluji na barafu inayoyeyuka. Kwa hiyo utajiri wa kweli ni mifugo, kondoo na yaki (ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu), inayopandishwa malisho ya juu majira ya joto na kurudishwa bondeni kabla ya baridi.

Nataka kwenda kutoka Kashgar. Nijiandae vipi?

Anza na karatasi. Mgeni huhitaji kibali cha polisi cha eneo la mpakani, na kwa kawaida hukipata kupitia wakala wa utalii. Kikague kabla ya kuondoka: jina la Tashkurgan liwemo, na namba ya pasipoti ilingane. Kosa dogo hapo litakurudisha kutoka kizuizi cha barabarani.

Halafu kuna urefu wa nchi, na hapa ndipo wengi huumbuka. Kashgar iko mita 1,300 hivi, Tashkurgan 3,100, na kati yao, katika safari ya kilomita 290, barabara hupanda hadi karibu mita 4,000. Tashkurgan kanieneo ya hewa ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani. Khunjerab inazidi nusu kidogo tu. Mwili unahitaji siku, si saa. Lala Tashkurgan usiku mbili kabla ya kupanda Khunjerab, usinywe pombe, tembea polepole. Asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mahali pa juu, miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla, husaidia, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Kichwa kuuma na kichefuchefu maana yake usipande zaidi. Ukitweta hali umekaa, ukiyumba au ukichanganyikiwa, shuka mara moja, hata kama ni usiku.

Chai nayo isikushangaze: maji huchemka karibu nyuzi 90, kwa hiyo haiunguzi ulimi kama ulivyozoea.

Basi linaondoka saa nne. Saa nne ipi?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Saa rasmi ni ya Beijing, mji ulio mbali sana mashariki, hivyo Tashkurgan jua hufika utosini karibu saa tisa alasiri. Wenyeji wengi hutumia saa ya Xinjiang, iliyo nyuma kwa saa mbili. Uliza kila mara. Ukivuka kwenda Pakistan rudisha saa nyuma kwa saa tatu, na pale pale Khunjerab magari huhamia kushoto.