Muulize Mwalimu: zamu ya Jumapili, futari ya jirani na zafarani ya Darajani

Shikamoo Mwalimu. Niko jikoni kwenye hoteli moja Paje. Tangu msimu wa wageni uanze napangiwa zamu ya asubuhi kila Jumapili, na nimeanza kujiona si Mkristo tena. Niache kazi? (Mpishi, Paje)

Marahaba, mwanangu. Usiache kazi, hasa kama kuna watoto wanaokula kwa mshahara huo. Jumapili haikuwa siku ya mapumziko tangu mwanzo. Ni Kaisari Konstantino aliyeiamuru mwaka 321. Kabla ya hapo Wakristo wengi, watumwa wakiwemo, waliamkia kazini kama wewe. Plinio, liwali wa Kirumi kule Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajano yapata mwaka 112 kwamba watu hawa hukutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, wakamwimbia Kristo, kisha wakatawanyika.

Ila usiifanye historia hiyo kisingizio cha kulala. Nenda kwa msimamizi wa zamu, na usiende mikono mitupu: nenda na mwenzako Muislamu mliyekwisha kukubaliana. Wewe utamshikia Ijumaa mchana na siku za Idi, yeye akushikie Jumapili asubuhi, hata mbili kwa mwezi. Msimamizi akiona ratiba haina pengo, mara nyingi hana neno. Nimeliona hili likifanyika huko huko pwani ya mashariki, na waliobadilishana wamebaki marafiki. Kama u Mkatoliki, misa ya Jumamosi jioni inahesabika kuwa ya Jumapili, kwa hiyo kilichobaki ni nauli ya daladala. Yote yakishindikana, mwambie padri au mchungaji wako. Wengi wenu mnanyamaza, huku kanisani wanadhani mmepotea, kumbe mko jikoni mnawakaangia wageni mayai.

Nimehamia Mwanakwerekwe kutoka Mwanza. Ramadhani iliyopita jirani aliniletea futari karibu kila siku. Mwenzangu wa jumuiya akaniambia nisile, eti nitakuwa nimeshiriki ibada ya dini nyingine. Mwaka huu nifanyeje? (Mama, Mwanakwerekwe)

Kula, dada. Tena kula ikiwa ya moto. Wakorintho walikuwa na masoko ambako nyama nyingi ilikwisha kupita mbele ya sanamu, na bado Paulo akawaambia wakialikwa na asiyeamini wale wanachoandaliwa bila kuuliza-uliza (1 Kor 10:27). Sembuse muhogo wa nazi na tambi za jirani anayemcha Mungu!

Mimi ningekuuliza jambo jingine: sahani inarudije? Hapa Unguja sahani ya jirani hairudi tupu. Irudishe na kitu ambacho hatakuwa na haja ya kukitilia shaka. Maembe yanafaa, ndizi mbivu, tende za dukani. Ikiwa kwako hupikwa kitimoto, sahani yake isipite karibu na sufuria hiyo, na akikuuliza usimfiche. Akija kugundua baadaye kwa watu, hataleta tena, na hatakuwa na kosa.

Halafu, mchana wa Ramadhani ukikaanga samaki, funga mlango wa jikoni. Hakuna anayekulazimisha kufunga. Lakini nyumba zetu zimegusana kuta, harufu ya changu saa saba mchana inaingia hadi chumbani kwa mwenzio, naye hajagusa hata maji tangu alfajiri. Soma Warumi 14:15, kisha ule samaki wako taratibu.

Kwaya yetu imegawanyika kwa sababu ya rangi ya sare mpya. Sasa soprano hawasalimiani na alto. (Katibu wa kwaya, Mjini)

Mathayo 5:23-24: iache sadaka mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako. Kuimba nako ni sadaka. Jumapili hii msiimbe. Waumini watavumilia, na pengine wapo watakaoshukuru.

Skulini wenzangu husema Ukristo ni dini ya wabara, nirudi kwetu. Mimi nimezaliwa hapa hapa Pemba. Niwajibu nini? (Kijana, Wete)

Ujue kwanza mwenyewe, mwanangu. Pale Ngome Kongwe, kabla Waomani hawajawatoa Wareno, palikuwa na kanisa. Mapadri Wakatoliki kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja 1860, Waanglikana wa UMCA (misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza) 1864. Jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa. Mbweni kilikuwa kijiji cha watu walioachiwa huru. Na kwenu Pemba, misheni ya Maquaker (dhehebu dogo la Kikristo kutoka Uingereza) ilianza 1897, mwaka ambao sheria ya Sultani iliacha kuutambua utumwa, watu wakatoka mashambani wakitafuta pa kuanzia maisha. Wajukuu na vitukuu vya waumini wale ni wenyeji wa visiwa hivi, kama wewe.

Lakini usiwamwagie wenzako tarehe zote hizi. Anayekwambia urudi kwenu mara nyingi hasemi dini hata kidogo. Anasema ajira na viwanja, maneno aliyoyasikia kwa wakubwa barazani. Mwambie kwenu ni Wete, kisha mwendelee na mpira.

Mama yangu mzee yuko Ukerewe na mimi ndiye ninayemtumia matumizi. Mzee mmoja wa kanisa anasema zaka kwanza, mama baadaye. Wasiotoa husomwa majina ibadani. (Fundi, Fuoni)

Fungua Marko 7:10-13. Yesu aliwakaripia watu waliosema "Korbani", yaani mali hii nimeshamtolea Mungu, wakawanyima wazazi wao. Nadhani mzee wako hajaifika sura hiyo. Kusoma majina ni kuwaaibisha watu, na 2 Wakorintho 9:7 inakataa utoaji wa lazima. Mwendee faragha, kwa adabu, na Biblia mkononi. Asiposikia, lipeleke kwenye baraza la wazee.

Hata hivyo usijifiche nyuma ya mama. Kanisa lina bili ya umeme na paa linalovuja. Ukishamtumia mama, toa kiasi unachoweza, kidogo lakini kila mwezi, nacho kitoke kabla hujanunua bando la simu.

Nauza viungo Darajani. Wenzangu huwauzia wageni nyuzi zilizotiwa rangi wakiziita zafarani. Nisipofanya hivyo, siuzi. Je, na bei ya mgeni ni dhambi? (Mfanyabiashara)

Wewe kutaja bei ya juu na mgeni kuishusha, hiyo ni biashara. Hata mimi hupandishiwa nikienda na koti. Kuita kitu kwa jina lisilo lake ni wizi, na Mithali 11:1 haikuacha mwanya. Zafarani haioti Unguja. Iondoe hiyo mezani, weka mbele mdalasini, hiliki na pilipili manga, vitu ambavyo mgeni ametoka kuviona shambani Kizimbani asubuhi ile ile, umvunjie kijiti cha mdalasini akinuse. Anayeng'ang'ania zafarani, mwelekeze kwenye duka linalouza ya kweli, hata kama si lako.