Kupigwa na kuibiwa kwa Kihispania cha mtaani

Vitabu vya Kihispania humpa mwanafunzi pegar na golpear kwa kupiga, robar kwa kuiba, kisha vinaendelea na somo jingine. Akifika Madrid au Buenos Aires anakuta watu wanapigana kwa majina ya vyakula. Mhispania akisema "le di una torta", hajamgawia mtu keki, amemzaba kibao. Galleta ni biskuti na leche ni maziwa, lakini yote mawili ni vipigo. Piña ni nanasi, na Ajentina ni ngumi. Ukienda Meksiko, torta ni mkate uliojazwa nyama na parachichi, na ukiiomba utaletewa chakula. Ndiyo maana kila neno la aina hii liandikwe daftarini pamoja na nchi yake.

Upande wa sarufi, Mswahili ana bahati kubwa. Sisi tunapiga teke, tunapiga ngumi, tunapiga kichwa: kitenzi kimoja, kisha jina la pigo. Kihispania cha kila siku hufanya hivyo hivyo kwa dar (kutoa) au pegar. Jina la pigo nalo hujengwa kwa kiungo au kifaa kilichotumika pamoja na mwishilizo -azo: codo ni kiwiko, codazo ni pigo la kiwiko, cabeza ni kichwa, cabezazo ni pigo la kichwa, rodilla ni goti, rodillazo ni pigo la goti. Puñetazo, pigo la ngumi, limetoka kwenye puño, mkono uliokunjwa ngumi. Mwishilizo mwingine ni -ada: patada ni teke, pedrada ni pigo la jiwe, puñalada ni pigo la jambia. Ya -azo huchukua un, ya -ada huchukua una.

Ukishazoea umbo hilo utaelewa maneno ambayo hujawahi kuyaona. Portazo ni kubamiza mlango. Dar un telefonazo ni kupiga simu, pegar un tiro ni kupiga risasi, pegar un grito ni kupiga ukelele. Anayepitia kamusi ya Kiingereza hujisumbua bure, kwa sababu kule atakuta punch, kick, slap na headbutt, kila kimoja kitenzi chake, kisha ahangaike kutafuta vitenzi vinne vya Kihispania. Toka kwenye Kiswahili moja kwa moja.

Kosa la kuangalia hapa ni kiwakilishi. "Le pegó" ni alimpiga. "Lo pegó", kwa masikio ya wengi, ni alikibandika, maana pegar pia ni kugandisha kwa gundi. Golpear ni kinyume chake: alimpiga ni "lo golpeó".

Kuna vipigo vyenye majina yanayolingana na yetu sawasawa. Coscorrón ni konzi. Colleja, neno la Hispania, ni kofi la kisogoni, lile ambalo kaka mkubwa humpa mdogo wake. Paliza ni kichapo kamili, mkong'oto, na hata timu iliyofungwa mabao sita imepata paliza. Neno utakalolisikia zaidi Hispania ni hostia, ambalo asili yake ni mkate mtakatifu wa komunyo. Ni pigo zito, au ajali: "se dio una hostia con la moto" ni mtu aliyeanguka vibaya na pikipiki. Lielewe, ila usilitamke mbele ya wazee wala kazini. Madrazo ya Meksiko nayo vivyo hivyo. Coñazo ni la hatari zaidi: Venezuela ni pigo, Hispania ni kitu kinachochosha kupita kiasi, na pote ni tusi.

Kwenye wizi, sentensi yetu ndiyo inayotuponza. Tunasema "nimeibiwa simu", mwenye mali akiwa kiima. Mwanafunzi hutafsiri hivyo na kusema "he sido robado el móvil", sentensi isiyosimama. Mhispania husema "me han robado el móvil", na Amerika ya Kusini "me robaron el celular": wao wameniibia. Hiyo ikaririwe kama ilivyo.

Robar hubeba steal na rob za Kiingereza kwa pamoja. Kukiwa na kisu au vitisho, sema atracar, na nchi nyingi za Amerika asaltar: huko ni kupora. Dar un tirón ni kukwapua mkoba na kukimbia. Carterista ni mchomoaji wa kwenye metro. Sisar ni kudokoa, kwa mfano kubaki na chenji ya sokoni. Mangar, birlar na chorizar ni kuiba kwa lugha ya vijiweni Hispania, karibu na nick na swipe za Waingereza. Chorizo ni mwizi, neno lililotoka Kikaló, lugha ya Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, wala halikutokana na soseji. Mangar ukilipeleka Ajentina linakuwa kuomba pesa. Huko kuiba ni afanar au chorear, na kibaka wa pikipiki ni motochorro. Chile wana cogotear, kutoka cogote, shingo kwa nyuma: ni kumkaba mtu na kumpora. Kolombia watakuonya "no dar papaya", usimpe mwizi nafasi, yaani simu isikae mezani kando ya barabara.

Kituo cha polisi Hispania, achana na maneno haya yote. Sema "quiero poner una denuncia", nataka kuripoti kosa, kisha eleza tukio kwa usahihi, kwani sheria hutenganisha hurto na robo. Hurto ni kuchukuliwa kitu bila nguvu wala vitisho. Chini ya euro 400 kwa kawaida huhesabiwa kosa dogo. Robo ni pale palipovunjwa kitu ili kuingia au kutoka, au mtu aliposhambuliwa au kutishwa. Kuna bima zinazolipa robo na kukataa hurto. Kama mkoba ulivutwa begani mwako hadi wewe mwenyewe ukaanguka, sema "me dieron un tirón y me tiraron al suelo", walinikwapua wakaniangusha chini, na usitie saini karatasi kabla hujaliona hilo limeandikwa.