Utumikaji, utumiaji na "kosa la mtumiaji"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, niko Morogoro. Nimepewa nitafsiri ripoti kuhusu kipimo cha kujipima VVU, kile cha kupangusa fizi. Watu walikabidhiwa kipimo na karatasi ya maelekezo, wakaachwa wakitumie wenyewe huku wakitazamwa, ili ionekane wanakwama wapi. Kwa Kiingereza ni "usability testing", nami nimeandika "upimaji wa utumiaji". Mwenzangu anashikilia "utumikaji". Kuna pia "kosa la mtumiaji" na "vipengele vya kibinadamu" (human factors), navyo sina hakika navyo. Nisaidie.

JIBU: Marahaba. Mwenzako amepatia. Utumiaji ni tendo la mtu: utumiaji wa kondomu, utumiaji wa simu. Ukiingiza -k-, habari inahama kwa mtu inakwenda kwa kitu. Mwandiko hausomeki, njia haipitiki, maji hayanyweki. Ndivyo tulivyopata usomaji na usomekaji, upataji na upatikanaji. Utumikaji basi ni sifa ya kifaa chenyewe. Kasoro yake ni moja: "kinatumika" huweza pia kumaanisha kwamba watu wanakitumia hivi sasa, hata kama kinawatoa jasho. Kwa hiyo linapotokea mara ya kwanza andika "utumikaji, yaani wepesi wa kifaa kutumika bila kukosewa", kisha endelea nalo peke yake. "Matumizi" usiliweke hapo. Kwa wengi hayo ni hela zinazoachwa mezani asubuhi.

"Upimaji" liondoe kabisa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, inapendekeza jaribio la mwisho la kifaa lihusishe watu wasiopungua 15 kwa kila kundi la watumiaji. Sasa andika "watu 15 walipimwa" ndani ya ripoti ya VVU, uone msomaji ataelewa nini! Atatafuta majibu yao. Aliyekuwa akichunguzwa pale ni kifaa, si damu ya mtu wala akili yake. Andika "jaribio la utumikaji", na "watu 15 walijaribu kifaa".

Kuhusu "kosa la mtumiaji" ndiko ningependa tukae kidogo. Wataalamu wenyewe walishalikimbia neno hilo. Kiwango cha kimataifa cha utumikaji wa vifaa tiba, IEC 62366-1, toleo la mwaka 2015, hutaja kosa linalotokea katika kutumia: mtu ametenda jambo, au ameacha kulitenda, matokeo yakawa tofauti na aliyoyakusudia mtengenezaji au aliyoyatarajia mtumiaji. Hakisemi nani alaumiwe. Ukiandika "kosa la mtumiaji" umeshahukumu. "Kosa la kutumia" nalo linanuka mahakama, kama kosa la kutumia dawa za kulevya. Mimi ningeandika "kosa la matumizi" (hapa neno hilo halina ubaya, "kosa" limeshalifunga mdomo). Na pale ripoti inapoonyesha kwamba umbo la kifaa au maandishi yake ndiyo yaliyompoteza mtu, Kiswahili kina kitenzi kilichokwisha kuiva: kukosesha. "Maelekezo haya yanakosesha." Sentensi fupi, na kila mtu anaelewa tatizo liko wapi.

"Vipengele vya kibinadamu" hapana. Masikioni mwetu "ya kibinadamu" ni misaada, mahema na magunia ya unga. Taja kinachozungumzwa: macho ya mtumiaji, mikono yake, kumbukumbu yake, mwanga wa chumba alimo. Ukihitaji jina la taaluma, "elimu ya mtu na chombo" itakufaa.

Umeniambatishia pia karatasi ya maelekezo, ingawa hukuniuliza habari zake. Hatua ya tatu inasema: "Pangusa fizi za juu na za chini mara moja." Mara moja ipi? Bila kurudia, au upesi? Mtu aliyefungua pakiti mikono ikimtetemeka anaweza kusikia "fanya haraka", akapangusa juu chini, juu chini. Andika: "Pangusa fizi za juu mara 1 tu. Kisha pangusa fizi za chini mara 1 tu. Usirudie." Hatua ya mwisho inasema "soma majibu baada ya dakika 20". Hata kesho asubuhi ni baada ya dakika 20, ilhali kipimo cha aina hiyo husomwa kati ya dakika 20 na 40. Andika zote mbili.

Tangu Bunge la Tanzania lilipobadili sheria mwaka 2019 na kuruhusu watu kujipima, karatasi kama hiyo husomwa chumbani, mlango umefungwa, wala hakuna muuguzi wa kuulizwa. Kwa hiyo kabla hujaipeleka ofisini, mpe jirani asiyejua lolote, mwambie aisome kwa sauti na afanye anavyoambiwa, wewe usitie neno. Atakapokunja uso, weka alama hapo.