Kitako Kwanza, Sahihi Baadaye

Kama ndiyo unaanza kununua vichongo vya mianzi vya Kichina, vile ambavyo wasomi wa zamani waliweka kwenye meza zao za kuandikia, usikimbilie sahihi ya fundi, yaani jina lake lililochongwa. Mimi niliikimbilia. Kikopo changu cha kwanza cha kuwekea brashi, Wachina hukiita bitong, nilikinunua Shanghai kwenye soko la vitu vikuukuu kwa sababu tu kilikuwa na jina la Zhu Sansong. Nilikuwa nimesoma habari za akina Zhu wa Jiading, mji ulio karibu na Shanghai, baba, mwana na mjukuu ambaye ndiye Sansong, mafundi wa enzi ya wafalme wa Ming, nikajiona mjuzi. Usiku nikakipindua chini ya taa. Kitako laini kama kisahani, ubavuni mshono mwembamba wa kalibu. Plastiki!

Mwanzi wa kweli hujisema wenyewe. Pale ulipokatwa kwa upana utaona vidoa vya nyuzi, vimesongamana karibu na ganda na kupungua kuelekea ndani. Ubavuni nyuzi hizo ni mistari iliyosimama, inayopita kwenye nyuso za watu, misonobari na mawe bila kuujali mchongo. Nunua lenzi ya kukuza mara 10 kabla hujanunua kitu kingine chochote. Kisha nusa. Nimewahi kushika "cha kale" kilichonuka dawa ya viatu.

Rangi inadanganya, ila mtindo wa liuqing unasaidia. Fundi huacha ngozi ya juu ya mwanzi, nyembamba kama karatasi, iwe ndiyo picha, na pembeni hukwangua. Miaka ikipita, palipokwanguliwa hukolea wekundu wa kahawia na ngozi hubaki na unjano hafifu, kwa hiyo picha huzidi kuonekana kadiri inavyozeeka. Utaikuta sana kwenye vibao vya kuegemezea mkono. Mwandishi alishuka kwa safu akitoka kulia kwenda kushoto, na bila kibao mkono ungefuta wino mbichi.

Sahihi je? Jina la Sansong limechongwa na mikono mingi isiyo yake. Ukitaka kipimo, nenda Makumbusho ya Shanghai ukatazame mrija wa ubani wa Zhu Xiaosong, baba yake, uliotoka kwenye kaburi moja huko Baoshan, Shanghai, mwaka 1966. Kitu kilichofukuliwa kaburini hakina muuzaji wa kukusimulia hadithi. Mimi niliuzunguka karibu saa nzima, mlinzi akaanza kunitilia shaka.

Kikopo changu cha pili kilikuwa mwanzi halisi, hakina sahihi yoyote, na nilikipenda mno. Majira ya baridi nikakiweka rafu ya juu ya hita. Usiku wa tatu nikasikia tak! Ufa kutoka mdomoni hadi kitakoni. Bado ninacho, kabatini, mbali na hita, na pembeni yake glasi ya maji ya kutia hewa unyevu, ninayoijaza kila Jumapili.