Kwa Bibi Mwalimu: Shule ya jirani au basi la alfajiri?

Swali: Shikamoo Bibi Mwalimu. Binti yangu ataanza darasa la kwanza Januari. Tunaishi Tabata, na shule ya msingi ya serikali ipo mtaa wa pili kutoka kwetu. Mume wangu na mawifi zangu wanasema tukimpeleka pale tumemtupa mtoto. Wameshatafuta inglishi midiamu huko Mbezi, ada milioni moja na laki sita kwa mwaka, basi unalipia pembeni, na litampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mume wangu ni fundi magari, mimi nauza vitenge, na nyuma yake yupo mdogo wake. Nishike lipi? *Mama wa Tabata*

Jibu: Marahaba mwanangu. Nilifundisha darasa la kwanza na la pili Temeke mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitakueleza kama mtu aliyewapokea hao watoto mlangoni. Anayepitiwa na basi saa kumi na moja na nusu ameamshwa saa kumi, kaogeshwa usingizini, kavalishwa sare macho yamefumba. Kipindi cha kwanza analala juu ya dawati, cha pili anaulizia uji. Jioni foleni ya Barabara ya Mandela inamrudisha nyumbani giza linaingia, na bado ana kazi ya nyumbani. Mtoto wa miaka sita hafundishiki hivyo, hata ukimpa mwalimu bora wa Dar es Salaam nzima.

Mumeo simlaumu. Sekondari masomo yetu yanafundishwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyetoka shule ya Kiswahili anaingia kidato cha kwanza anakutana na baiolojia na hisabati katika lugha aliyokuwa akiisoma kama somo moja tu. Wengi wanayumba mwaka ule. Baba anayeliogopa hilo analiona sawasawa, na mawifi zako nao wanampenda mtoto.

Ninachowaomba ni kujiuliza mtoto anahitaji kipi kwanza. Darasa la kwanza na la pili kazi ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kusoma kunashika haraka kwenye lugha anayoizungumza, kwa sababu akitamka silabi za "mama anapika" anasikia maana papo hapo. Kiswahili kina heri nyingine: kinasomeka kama kinavyoandikwa. Mtoto akishika ba be bi bo bu na wenzake, kabla mwaka haujaisha anasoma vibao vya maduka mtaani. Akishajua kusoma, Kiingereza anakijengea juu ya msingi uliopo. Na kwa mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024, Kiingereza kinafundishwa tangu darasa la kwanza hata kwenye shule za Kiswahili. Elimu ya msingi kwa mtaala huo ni miaka sita, si saba tena, kwa hiyo hakuna mwaka wa kupoteza.

Usikubali maneno yangu wala ya mawifi zako kabla hujaiona shule. Nenda siku ya kazi, saa tatu asubuhi, shule zote mbili. Omba kuonana na mwalimu mkuu, kisha omba kuona darasa la pili. Hesabu watoto. Dar es Salaam darasa la watoto mia na zaidi si jambo la kushangaza, nawe ni vizuri ulijue hilo kabla ya Januari. Halafu omba daftari la mtoto yeyote, usichaguliwe. Lifungue katikati. Angalia kama kuna tarehe, kama wino mwekundu umepita kwenye kila kazi, na zaidi ya yote angalia mahali mtoto alipokosea: mwalimu ameandika jibu sahihi pembeni na mtoto amerudia, au kuna mkasi tu, ile alama ya kosa, na ukurasa umefungwa? Daftari lenye vema tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho lisikufurahishe haraka. Mara nyingi watoto wamenakili ubaoni, mwalimu akapitisha kalamu. Mimi daftari moja linanitosha kujua mwalimu yukoje.

Kisha beba kijitabu chochote cha hadithi, mwombe mtoto wa darasa la pili akusomee sentensi tatu. Kule Mbezi watakupokea kwa salamu ya Kiingereza ya pamoja, sauti moja, imenyooka. Salamu hiyo imekaririwa. Muulize mmoja wao, kwa Kiingereza hichohicho, jana alicheza nini na nani. Kama ataweza kukueleza, hiyo ni shule inayofundisha lugha, na pesa yao ni halali. Kama atakutazama tu, utakuwa umelipia salamu.

Pita na vyooni. Angalia kama maji yanatoka na kama vya wasichana vina milango. Kwa shule binafsi, uliza namba ya usajili na uithibitishe kwa Afisa Elimu Kata, maana zipo zinazopokea watoto kabla ya kusajiliwa. Matokeo ya upimaji wa darasa la nne na mtihani wa darasa la saba, wa wanaomalizia mtaala wa zamani, Baraza la Mitihani (NECTA) huyatoa hadharani shule kwa shule, yaangalie ya miaka kadhaa, siyo ya mwaka mmoja uliobandikwa kwenye bango la getini.

Kuna njia ya kati ambayo wengi huisahau: shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond pale Upanga. Nafasi zake zinagombewa, na kutoka Tabata bado ni safari, ila zijue.

Sasa maoni yangu kwa hali yenu. Kama darasa la jirani lina watoto sabini na daftari ulilolifungua limesahihishwa, mpeleke pale. Shule za serikali hazina ada tangu Januari 2016, lakini sare, madaftari na uji ni vyenu, kwa hiyo tengeni fungu lake. Ile milioni moja na laki sita isipotelee kwenye sherehe. Sehemu yake nunua vitabu vya hadithi. Wauza vitabu vya mtumba wa Posta wanavyo vya Kiingereza vya watoto kwa bei ya kupatana. Sehemu mlipe mwalimu wa Kiingereza aje nyumbani Jumamosi, azungumze na mtoto, wacheze, waimbe, na asimpe mitihani. Inayobaki iwekeni kwa ajili ya sekondari na ya mdogo wake. Na kila usiku kabla ya kulala, binti akusomee ukurasa mmoja. Hata kama wewe umechoka na vitenge, msikilize.

Kama darasa lina watoto mia na ishirini na daftari halina wino mwekundu, basi tafuteni shule nyingine, ya serikali au binafsi, lakini iwe ndani ya mwendo wa miguu au wa bajaji moja. Mbezi hapana. Uandikishaji wa serikali huanza Oktoba, nenda mapema na cheti cha kuzaliwa.

Swali: Mwalimu, mimi ni dereva wa malori, nipo Kahama. Mke wangu alifariki, mtoto yupo darasa la pili. Nimeambiwa kuna shule itampokea bweni kimyakimya. Nimpeleke? *Baba wa Kahama*

Jibu: Pole sana baba, na Mungu ampumzishe mama yake. Hapana, usimpeleke. Tangu 2023 Serikali imesitisha bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, na shule inayokubali kimyakimya ina maana mtoto akipata tatizo usiku, nalo litashughulikiwa kimyakimya. Mtoto huyo ametoka kumpoteza mama. Anahitaji mtu wa kumpakata. Tafuta shangazi, bibi au mama mdogo anayempenda kweli, muhamishie shule ya karibu na huyo ndugu, na ile ada ya bweni mtumie ndugu kila mwezi kwa matunzo, kwa tarehe inayojulikana. Ukiwa njiani piga simu kila jioni saa ileile. Mwambie na mwalimu wa darasa hali yenu. Mwalimu akijua, anamwangalia mtoto kwa jicho jingine.

Swali: Shikamoo Bibi. Likizo ya Juni wajukuu zangu wanne wanakuja kwangu Kijitonyama, wakubwa darasa la tano, mdogo wa awali. Mama zao wananitumia hela ya tuisheni ya mwezi mzima. Mimi naona watoto wamechoka. Kuna kingine cha kuwafundisha? *Babu wa Kijitonyama*

Jibu: Shikamoo nayo mzee mwenzangu, maana huenda umenizidi. Unaona vizuri. Likizo iliyojaa tuisheni inamrudisha mtoto shuleni akiwa amechoka kuliko alivyotoka.

Wewe una bahati ya mahali. Kijiji cha Makumbusho kipo hapo hapo kwenu, Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Waingie ndani, wainame mlangoni, wakuulize moshi unatokea wapi. Wewe ndiye mwalimu pale, kwa sababu nyumba kama hizo umelala.

Siku nyingine nenda nao mjini, Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Hii ndiyo taasisi inayohifadhi fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata Mary Leakey Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Kabla ya kwenda, waonyeshe Olduvai kwenye ramani na waambie fuvu hilo lina umri wa takriban miaka milioni moja na laki saba na nusu. Wa darasa la tano waiandike namba hiyo kwa tarakimu. Utashangaa watakavyobishana juu ya sifuri.

Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina sehemu ya watoto. Waandikishe, wachague vitabu wenyewe. Ukimchagulia atasoma kwa adabu. Akichagua mwenyewe atasoma mpaka umwite kula. Hapo ndipo ningeweka siku nyingi kuliko kwingine kote.

Kama hela ya tuisheni inaruhusu, wapandishe treni ya SGR hadi Pugu na kurudi, ile ya kawaida inayosimama vituoni. Mkubwa ashike saa na kuandika muda wa kuondoka na wa kufika. Wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay nao wanafanya kazi hadharani, watoto husimama wakatazama rangi zinavyopangwa.

Usipange safari mbili kwa siku moja. Mdogo wa awali atalia na nyinyi wote mtarudi. Kila mkirudi, kila mmoja achore au aandike kitu kimoja alichokiona, kwenye daftari moja la wote wanne, na mwisho wa mwezi wapelekee mama zao daftari hilo badala ya risiti ya tuisheni. Piga simu kwanza kuulizia saa za kufungua, hasa siku za sikukuu, na bebeni maji na chapati.