Re: Programu ya kuoanisha haikomi kutoa majibu

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, programu yako ya kuoanisha (inayotafuta cha kuweka mahali pa vigeu ili pande mbili za mlinganyo zifanane), tangu uongeze sheria ya kuhamisha mabano, (x·y)·z = x·(y·z), inatoa majibu ya x·a = a·x, ambapo x ni kigeu na a ni alama thabiti, bila kukoma, nawe unasaka kosa kwenye msimbo.

Huenda kosa halipo. Mlinganyo huo una majibu yasiyo na mwisho: x = a, a·a, a·a·a na kuendelea, na hakuna moja linalozaa jingine. Mwanasayansi wa kompyuta Gordon Plotkin alishalionyesha mwaka 1972. Usisubiri orodha iishe. Toa jibu moja moja linapohitajika.

Ila angalia kwanza: alama yako ya · inaruhusu pia kubadilishana nafasi, yaani x·y = y·x? Basi mlinganyo huo ni kweli kwa x yoyote, na kwa jumla majibu ya msingi (yale ambayo mengine yote hutokana nayo) huwa na kikomo. Sheria hiyo ya kubadilishana nafasi usiifanye kanuni ya kuandika upya (ya kugeuza upande mmoja kuwa mwingine), itazunguka tu. Futa vinavyofanana pande zote, hesabu kila kigeu kimetokea mara ngapi, kisha tatua mlinganyo wa namba kamili zisizo hasi, kwa njia ya mtafiti Mark Stickel. Kikomo chenyewe kisikudanganye: x+x+x+x = y+z+u+v ina majibu ya msingi zaidi ya bilioni 34! Mimi hutupa mapema michanganyiko inayotaka alama thabiti iwe jumla ya vitu viwili.