Mkate wa ndizi wenye chokoleti na korosho: maswali yenu

Juu mkate unaumuka na kupasuka vizuri, lakini nikiukata nakuta tabaka zito, bichi, chini kabisa. Nilitumia ndizi 3 kama nilivyoelekezwa.

Kosa ni la aliyekuelekeza. "Ndizi 3" si kipimo. Ndizi moja iliyomenywa inaweza kuwa na gramu 80, nyingine 150, na karibu robo tatu ya uzito huo ni maji. Ukiponda tatu kubwa, umeshaulowesha unga kupita uwezo wake. Kwa hiyo pima: gramu 250 za unga wa ngano kwa gramu 350 za ndizi zilizopondwa, mayai 2, mafuta mililita 120, sukari gramu 150, bekingi soda kijiko 1 cha chai na chumvi nusu kijiko. Chokoleti gramu 100 na korosho gramu 80 zinatosha. Ukizidisha, mkate unamomonyoka kisu kikipita.

Halafu kuna haraka. Mkate huu ni mnene. Katika chombo cha urefu wa sentimita 23, unataka dakika 55 hadi 65 kwenye nyuzi 175. Ukiona juu unawahi kuwa mweusi, ufunike kwa foili bila kuukandamiza, uendelee kuoka. Kijiti nacho hudanganya: kikitoka kimepakaa, huenda umechoma kipande cha chokoleti iliyoyeyuka, kwa hiyo chomeka pengine kabla ya kuamua. Mwenye kipimajoto asiwe na wasiwasi wa kijiti. Katikati pakifika nyuzi 95, mkate umeiva.

Ndizi zangu bado zina rangi ya njano safi. Nitumie hivyo hivyo?

Subiri madoa meusi. Ndizi inavyozidi kuiva, wanga wake hugeuka sukari, na harufu ile mnayoipenda huja na madoa hayo. Ile hila ya kuziingiza kwenye oveni na maganda yake mpaka yawe meusi inasifiwa kuliko inavyostahili: huzilainisha, lakini hazifikii utamu wa ndizi iliyoiva yenyewe. Heri uzifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na tufaha, maana gesi ya ethilini inayotoka humo huharakisha uivaji. Zikishaiva na huna nafasi ya kuoka, zimenye uzigandishe. Zikiyeyuka zitatoa maji. Usiyamwage, yahesabu ndani ya zile gramu 350.

Korosho zangu hulainika, tena huzama chini.

Zioke kavu kwanza, dakika 8 hadi 10 kwenye nyuzi 175, uziache zipoe ndipo uzikate. Bila hivyo zinafyonza unyevu wa ndizi na kupoteza ladha. Zinazozama ni zile kubwa, au rojo ni jepesi mno, na hapo tunarudi kwenye mizani. Wengi huzigaragaza kwenye unga kabla ya kuzichanganya. Sina imani sana na dawa hiyo kwa rojo jepesi. Mimi hubakiza kiganja kimoja cha kunyunyiza juu. Lozi au karanga zinafaa vilevile, ila muulize kwanza anayekula kama zinamdhuru.

Mkate umekuwa kama mpira, na ndani una mashimo marefu.

Umekoroga sana. Ukishatia unga, geuza kwa mwiko mpaka usionekane tena, kisha acha. Mabonge madogo ya ndizi hayana ubaya wowote.

Naweza kutumia kakao badala ya chokoleti ya vipande?

Unaweza, lakini utapata mkate mwingine kabisa. Kakao hunyonya maji, kwa hiyo punguza unga: toa gramu 40, weka gramu 40 za kakao. Ile ya kawaida ina uchachu unaosaidiana na soda. Ile nyeusi iliyopunguzwa uchachu haina, ingawa ndizi zenyewe zina uchachu kidogo. Ukiniuliza mimi, nachagua chokoleti nyeusi iliyokatwa kwa kisu, kwa sababu ukali wake hupunguza utamu wa ndizi.

Siagi au mafuta?

Mafuta. Siagi ina ladha nzuri zaidi siku ya kwanza, lakini huganda mkate ukipoa, na kesho yake unahisi mkavu. Mafuta hubaki laini.

Niuweke kwenye friji?

Hapana, friji huukausha. Uache upoe kabisa, uufunge vizuri, ukae nje hadi siku 3. Zaidi ya hapo, ukate vipande na kuvigandisha kwenye friza.